Baiskeli Namba Nane

3 Februari

Mwanangu,

Kabla ya salamu: kuna jambo kuhusu kifo cha baba yako ambalo nimekuficha kwa miaka saba. Nimeliandika kwanza, kwa wino, ili nisipate pa kurudi nyuma. Sasa salamu.

Hatujambo kwa kiasi chetu. Daktari anasema moyo wangu umechoka kama pampu kuukuu. Bado unasukuma, lakini kwa manung'uniko. Nimehamishiwa chumba cha mbele kwa sababu vipandio viwili tu vya varanda vinanitoa pumzi. Mama Mkubwa wako amehamia nami. Anasema nakoroma kama mashine ya kusaga, na kwamba siku nitakapoacha ndipo yeye atakapokosa usingizi. Masikio nayo yamefunga duka. Kwenye simu nasikia mvumo tu, na haya ninayotaka kukuambia sitaki mtu wa tatu anirudishie sikioni kwa kupiga kelele. Ndiyo maana nakusumbua kwa karatasi, na kwa mwandiko huu unaoonekana kama kuku amepita juu yake.

Mama yako alikuja Jumapili. Amerudisha mwili kidogo, na hilo limenifurahisha. Alisema kliniki yenu inataka wauguzi wote wanaotembelea majumbani wapande baiskeli za umeme, na wewe umepewa hadi mwisho wa Machi kuchagua: ama upande, ama ukae dirishani kuandika kadi za wagonjwa. Mama Mkubwa alinirudia maneno hayo mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia, lakini nilijifanya sijasikia.

Nilikusudia kueleza yote leo. Nimeandika kurasa mbili nikazichana. Niandikie kwanza kama unataka kunisikiliza, nami nitaendelea.

Baba yako mkubwa


19 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilikaa siku tatu kwenye ofisi ya matroni kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba bado kuna mtu anayeandikiwa barua. Waliniuliza kama nina mchumba gerezani.

Mimi mzima. Nina akina mama kumi na tisa waliojifungua mwezi huu, kumi na moja kati yao mtaa wa juu, ambako gari haliingii na njia ni za kupita watu wawili wakigeuka ubavu. Nikienda kwa miguu nawafikia wanne kwa siku. Wiki iliyopita nilimfikia mmoja siku ya tano wakati nilitakiwa kumfikia siku ya pili. Mtoto alikuwa wa manjano mpaka kwenye macho. Amepona, lakini usiku wa siku ile sikula. Kwa hiyo unaelewa kwamba hili la baiskeli si fasheni kwangu.

Tumepewa njia tatu. Kukodi kwa mwezi kutoka kampuni iliyo jirani na kliniki, ukichoka unarudisha. Kukodi kwa miaka miwili kisha inakuwa yako. Au kununua mkononi kwa mtu. Mwenzangu mmoja, tunamwita Kipenga kwa sababu ya sauti yake, anahama na anauza ya kwake. Mama kasikia akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekalia kitu kile tena. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe, tangu ajali ya baba, nikiona moja imeegeshwa navuka barabara.

Sasa hilo jambo lako. Nimeisoma sentensi yako ya kwanza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unaniuliza kama nataka kukusikiliza. Baba Mkubwa, mtu haweki sahani mezani akafunika na kumuuliza mgeni kama ana njaa. Nataka.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu, marahaba.

Usinihesabie kuchelewa huku kuwa ni dharau. Nililazwa siku tisa. Waliniwekea mrija puani, na kwenye kitanda cha pili alikuwapo mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana mvi kunishinda, ambaye kila asubuhi aliniamkia "Shikamoo Mwalimu" kisha akaniuliza kama nakumbuka alipata ngapi kwenye fizikia. Nilikumbuka. Alipata thelathini na moja. Alicheka mpaka nesi akaja. Siku ya saba nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya.

Muda wako wa kuchagua unaisha wiki hii, kwa hiyo acha nianze na la dharura.

Usinunue kwanza. Kodi kwa mwezi, mwili wako uizoee na wewe uijue tabia yake. Ya Kipenga usiiguse mpaka ujue betri ina umri gani. Betri iliyochoka inakuonyesha imejaa asubuhi na kukuacha katikati ya mlima adhuhuri. Tazama kama betri imevimba popote, hata kidogo kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ikiwa hivyo, ondoka. Tumia chaja iliyokuja nayo, si ya jirani. Usichaji ikiwa bado ina moto wa safari, usichaji kando ya kitanda, na usichaji mlangoni, kwa sababu ikishika moto mlango ndio njia yako ya kutokea. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake kidevuni. Kofia isiyofungwa ni pambo. Mvua ikinyesha breki zinachelewa, basi anza kufunga mapema. Na kumbuka watu hawaisikii ikija. Piga kengele hata kama unaona aibu.

Kisha kuna jaribio moja ambalo hutaruka hata siku moja. Simamisha baiskeli, nyanyua gurudumu la nyuma lisiguse chini, bonyeza kitufe cha kasi mpaka lizunguke. Likiwa linazunguka, gusa breki kidogo tu, kama unavyogusa shavu la mtoto. Ndani ya kila mkono wa breki kuna swichi ndogo ambayo inakata umeme wa mota. Mota lazima izime palepale. Kama inaendelea kusukuma huku umeshika breki, irudishe, hata wakuambie nini. Fanya jaribio hilo kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kila asubuhi.

Duka langu lilikuwa na baiskeli nane za umeme, unazikumbuka. Nilipostaafu ualimu watu walidhani nitafuga kuku. Nikafungua duka la kukodisha, na kwa sababu mwalimu haachi kuwa mwalimu, nikaweka kanuni. Baiskeli yenye hitilafu inafungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wa breki. Yenye kitambaa haikodishwi, haipandwi, haisogezwi. Na anayefunga kitambaa ndiye peke yake mwenye haki ya kukifungua, baada ya kutengeneza na kujaribu. Baba yako ndiye aliyeichora kanuni hiyo ukutani. Kazi ya siku mbili ya kuchora bango yeye aliifanya kwa siku nne, kwa sababu herufi K haikumridhisha. Alisimama hatua kumi nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Kaka, hiyo K imelewa," akaifuta.

Nimeona nimefika kwake na mkono umekataa. Nitaendelea barua ijayo.

Baba yako mkubwa


11 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo, na pole kwa kulazwa. Mama Mkubwa alinipigia akaniambia umetoka hospitali ukiwa mwembamba lakini mkaidi kama kawaida, umekataa uji usio na sukari. Mwambie namsalimu. Mama pia hajambo, magoti tu.

Nimekodi. Nilikwenda kwenye kampuni siku ya mwisho kabisa, saa moja kabla hawajafunga. Mhudumu alinipa moja, nzuri, inang'aa. Nikanyanyua gurudumu kama ulivyosema. Nikabonyeza, nikagusa breki ya kushoto, mota ikaendelea kuzunguka. Nikagusa tena. Inazunguka tu. Yule mhudumu akacheka, akasema, "Dada, ndivyo zilivyo hizo, ukienda polepole haina shida." Nikamwambia mimi nabeba mizani ya watoto na dawa, na barabara yangu inashuka kwenye makutano, na kama haina shida apande yeye ashuke nayo, mimi nitamsubiri chini na bandeji. Akanipa nyingine. Hiyo ilizima kwa breki zote mbili. Ndiyo niliyonayo.

Nilijifunza kwenye uwanja wa shule siku ya Jumamosi. Kipenga alikimbia nyuma yangu akishika kiti na kupiga kelele kwamba ninaendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Niliogopa mara ya kwanza iliposukuma yenyewe. Inakusukuma mgongoni kama mkono wa mtu, na mwili wangu ulijua ni mkono gani ulimsukuma baba. Nilishuka nikakaa chini kwenye vumbi. Halafu nikapanda tena. Wiki hii nimewafikia akina mama tisa kwa siku moja, na wote kwa wakati.

Sasa nisikilize nami nikuambie langu, kwa sababu na mimi nina sahani niliyoifunika.

Watu wote wanasema asubuhi ya ajali baba alichukua dukani kwako baiskeli yenye kitambaa bila ruhusa. Mpaka leo nikienda nyumbani kuna wanaosema mchoraji alivunja kanuni aliyoichora mwenyewe. Wanasema kwa huruma, lakini wanasema. Hawajui kwa nini. Mimi najua. Asubuhi ile nilisahau bahasha ya vyeti mezani. Nilikuwa stendi, basi linaondoka baada ya nusu saa, na bila vyeti kazi hii nisingeipata. Nikampigia baba. Nilimwambia, "Baba, njoo haraka, fanya lolote." Ndilo neno nililotumia: lolote. Mtu ambaye alikuwa akirudia herufi moja mara tatu, akavunja kanuni kwa sababu mimi nilimwambia afanye lolote. Nimeishi na neno hilo miaka saba. Mama hajui. Hakuna ajuaye ila wewe sasa.

Kwa hiyo ulichoficha, kama kinahusu asubuhi hiyo, usinifiche zaidi. Naomba unijibu swali moja. Baiskeli aliyopanda baba, namba nane, ingenyanyuliwa gurudumu na kuguswa breki, ingezima?

Mwanao


2 Juni

Mwanangu, marahaba.

Isingezima.

Nimekaa na barua yako wiki saba. Nusu ya muda huo nilikuwa mgonjwa, nusu nyingine sikuwa. Mama Mkubwa wako alinikuta nayo mkononi mara kadhaa, akadhani nimesikia habari za msiba mwingine. Hapa nyumbani hakuna jipya, isipokuwa bomba la jikoni limepasuka na fundi wa bomba amekuja mara nne kunywa chai. Mama yako alileta shuka. Niliposhikana naye mkono nilishindwa kumtazama.

Sikujua kuhusu simu yako. Baba yako aliingia dukani akiwa na bahasha kifuani, ndani ya shati, akasema tu kwamba unaondoka na umesahau vyeti. Hakusema ulimwambia afanye lolote. Laiti ningejua umebeba neno hilo, ningekuandikia zamani. Au labda nisingekuandikia. Nisijisifu.

Nieleze hitilafu ya namba nane. Swichi ya breki yake ilikuwa inanasa, kwa hiyo mota ilikuwa inakatika ovyo hata mtu asipofunga breki, na wateja walilalamika. Nikazichomoa nyaya mbili nyembamba zinazounganisha swichi za breki zote mbili ili niitengeneze. Wakati huohuo kitufe cha kasi kilikuwa kimeingia vumbi na kurudi kwa uzito. Kila moja peke yake ni kero. Zikikutana, kitufe kikinasa barabara ikishuka, mpandaji anafunga breki kwa nguvu zake zote na mota inaendelea kumsukuma. Askari wa barabarani alipima alama za tairi mpaka nyuma ya lori lililokuwa limeegeshwa, pale alipogonga. Baba yako alifunga breki mapema, mbali, pale mtu mwangalifu anapofunga. Hakuwa anakimbia ovyo. Hilo nalo nilipaswa kulisema na sikulisema.

Sasa lile jambo. Baba yako hakuchukua namba nane bila ruhusa. Nyingine saba zilikuwa zimekodishwa. Nilimpa mimi. Nilifungua kitambaa kwa mkono wangu nikampa, nikidhani fundi wetu, Koleo, ameshairekebisha asubuhi. Nilikosea. Ilikuwa ni kusahau kuuliza, haraka ya dakika moja.

Basi, mwanangu, neno lako halikumuua. Litue.

Baba yako mkubwa


20 Juni

Baba Mkubwa,

Nilipoipata barua yako nilifunga mlango wa chumba cha dawa nikalia mpaka matroni akagonga. Sikulia kwa hasira. Nililia kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani na shingo ikawa haijui ikae vipi. Nilitaka kukuandikia palepale kwamba nimekusamehe, kwamba yeyote anaweza kusahau.

Kisha nikampigia Koleo.

Nilimpigia kwa ajili yake, kwa sababu nilidhani naye amekuwa akijilaumu kwamba hakuitengeneza. Sasa ana duka lake, ana watoto watatu. Nilipomwambia ulichoandika, aliniomba nirudie. Akasema, "Dada, mimi namba nane sikuigusa. Mwalimu alinikataza." Akasema ulikuwa na baiskeli ile siku tatu, unaketi nayo kila alasiri, na alipoomba akusaidie ulimfokea kwamba kanuni ni kanuni, aliyefunga kitambaa ndiye anayefungua. Akasema asubuhi ile ulimtuma kufuata tairi za ndani, na aliporudi alikuta watu wameshaileta dukani baiskeli ikiwa imepinda. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye breki. Askari akafika, ukamwonyesha kitambaa na kanuni iliyoko ukutani, akaandika.

Koleo akaniambia jambo moja zaidi. Alisema baiskeli ilikuwa na matope na damu mpaka kwenye kengele, na kitambaa kilikuwa safi.

Alikiona siku ileile. Alinyamaza kwa sababu ulimfundisha kazi na alikuheshimu, na kwa sababu hakujua amwambie nani. Mwanamume mzima alikuwa akilia kwenye simu.

Wewe ni mtu anayekumbuka alama za fizikia za mwanafunzi wa miaka arobaini iliyopita. Usiniambie ulisahau. Umeniondolea neno langu ukamtwika Koleo, naye hata nafasi ya kuigusa baiskeli hakupewa. Mama amekupikia miaka saba. Anakuletea shuka.

Kesho nina akina mama wanane. Nitapanda, nitajaribu breki, nitakwenda. Sitakuandikia tena mpaka uniambie yote.


9 Julai

Mwanangu,

Hukuniamkia katika barua yako, na ulikuwa na haki. Salamu zangu zipokee ukitaka.

Nimemwomba Mama Mkubwa aniweke mezani na mito miwili nyuma, na anifungie mlango. Nilimwambia ninachoandika kabla sijaanza. Alisimama, akaniletea kalamu nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inakwaruza. Nimemwomba pia amwite mama yako aje Alhamisi, na barua kama hii, neno kwa neno, nitampa yeye mkononi akiwa amekaa mbele yangu. Koleo nimemwandikia jana. Yake ilikuwa fupi: nilimsingizia, na yeye hakuwa na kosa. Ukiwa na nafasi mpigie uhakikishe imefika.

Koleo amesema kweli katika kila neno.

Watu waliileta baiskeli dukani wakaiegemeza ukutani, chini ya herufi za baba yako, wakaondoka kukimbilia hospitali. Nilibaki peke yangu. Kitambaa kilikuwa juu ya meza ya vifaa, pale nilipokitupa nilipokifungua. Nilikichukua nikakifunga kwenye breki, mafundo mawili. Nilifanya hivyo kabla sijauliza kama ndugu yangu bado anapumua. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kwamba niliuliza kwanza, na kumbukumbu haikubali. Askari alipofika sikuhitaji hata kusema uongo mrefu. Nilinyoosha kidole kwenye kitambaa, kisha ukutani. Mengine watu walijisemea wenyewe, nami nikawaacha. Mazikoni mtu mmoja aliniambia, pole Mwalimu, ndugu yako alikuwa na haraka. Nikaitikia kwa kichwa.

Koleo alikuambia kuhusu zile siku tatu. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Nyaya zile ni nyembamba kama uzi wa kushonea, na vichwa vyake huingia kwenye tundu lisilozidi punje ya mtama. Alasiri ya kwanza nilijaribu mpaka jua likahama mezani. Ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa nimefundisha umeme miaka thelathini na mbili, na sasa sikuweza kurudisha nyaya mbili mahali pake. Koleo angezirudisha kwa dakika tano. Kumpa ilikuwa ni kumwambia mikono yangu imekwisha, na yeye ni kijana, angewaambia vijana wenzake, na wangeniita mzee. Kwa hiyo nilimfokea kwa jina la kanuni. Kanuni ambayo niliiweka ili kuokoa watu nikaitumia kuficha vidole vyangu.

Alasiri ya tatu baba yako alipita na kopo lake la rangi, kuja kugusagusa K yake. Aliona kitambaa bado kipo. Akasema, "Kaka, kitambaa hicho kitaota majani hapo." Alikuwa anatania, unajua alivyokuwa. Mimi nikakasirika. Nikamwambia kesho atakapopita ataikuta iko tayari. Alipoondoka nilijaribu tena. Waya mmoja ukakatika kichwa chake mkononi mwangu. Nikafunika kila kitu kwa kipande cha mkanda mweusi, pakaonekana safi kwa mtu anayetazama kwa juu, na nikafunga duka.

Asubuhi akaja na bahasha yako kifuani. Nakuandikia hili taratibu kwa sababu ndilo unalostahili, na kwa sababu pumzi ni chache.

Hakuomba baiskeli yoyote. Alitazama nafasi saba tupu, akatazama namba nane na kitambaa chake, akasimama mbali nayo mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Akasema, "Basi Kaka, nitakimbia kwa miguu, nikikata njia ya nyuma ya ghala nitamuwahi." Alikuwa tayari ameshageuka. Neno lako la kufanya lolote, mwanangu, yeye alilielewa hivi: kukimbia kwa miguu akiwa na miaka hamsini na minne. Kanuni hakuigusa. Asingeigusa.

Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwita akiwa mlangoni. Niliona namna moja ya kutoaibika: kama nitafungua kitambaa mbele yake kwa mbwembwe, basi kazi itakuwa imefanyika. Nikakifungua. Nikakitupa mezani. Nikamsukumia baiskeli mpaka kizingitini.

Hakupanda mara moja. Alishika usukani, akatazama breki, akatazama ukuta wake. Akaniuliza, "Kaka, umeijaribu?"

Nikamwambia, "Nimeijaribu. Panda."

Sikuwa nimeijaribu, kwa sababu nilijua haitazima.